Sanduku Jipya la Sindano

Tik. Kisha mngurumo mwembamba, kama wa paka aliyelala karibu na jiko. Hata kabla sijafungua macho nilijua mume wangu ameshaamka na kuwasha sanduku lake, na nje bado ni giza totoro.

"Wageni wanakuja mchana," nilimwambia kutoka kitandani. "Saa hizi hata jogoo hajakohoa."

"Taa zake zinataka kupashwa moto, mama watoto," alinijibu kutoka sebuleni. "Hili si redio ya betri. Ukilipasha taratibu linatoa sauti ya mtu mzima."

Nilijitanda shuka nikaenda kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye stuli, gitaa mapajani, hajaligusa. Fulana ameivaa nje ndani. Nyuma ya sanduku vioo vidogo vilikuwa vinawaka rangi ya kaa la moto, na uso wake ulikuwa umepata mwanga huo, ukapendeza. Sikumwambia habari ya fulana. Nilikwenda kubandika maji.

Enzi za bendi watu walimwita Sindano, kwa kuwa walisema gitaa lake linashona hata wimbo uliochanika. Alipiga katika bendi ya Bosi ujana wake wote, na gitaa lake lilikuwa likisemea kwenye amplifaya ya taa, sanduku zito la kukuzia sauti lenye kitambaa cha kahawia mbele na mshikio wa ngozi juu. Sanduku lile lilikuwa mali ya bendi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilipoanza kutetemeka, Bosi alimfukuza jukwaani, watu wanatazama, wimbo haujaisha. Mume wangu aliteremka na gitaa lake tu. Baadaye tukasikia sanduku limeuzwa kwa mtu anayekusanya vitu vya kale.

Tangu hapo hakuna mwanabendi aliyepiga hodi kwetu. Hata tulipomzika mama mkwe walituma salamu tu, tena kwa mdomo wa mtu mwingine.

Sasa mwaka huu kiwanda kilichotengeneza masanduku yale kikaamua kuyatengeneza upya, umbo lile lile, kitambaa kile kile. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, aliona picha, akanipigia simu. "Mama, mpeleke baba dukani akalichukue. Nimeshamalizana nao." Nikamuuliza pesa ametoa wapi. Akasema, "Mama, wewe mpeleke tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha.

Mwenye duka la vyombo vya muziki alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Nitamkumbuka yule mama. Alipoona mume wangu anajaribu gitaa kwa haya, kama mtu anayeonja chakula cha watu, alikwenda akazima muziki wa dukani, akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Pamefungwa," akatuletea viti. Wateja wawili walibaki nje wakichungulia kiooni. Hakujali.

"Baba, nisikudanganye," alimwambia. "Hili ni toleo jipya. Sura ni ya babu, mifupa ni ya mjukuu. Usije ukafika nyumbani ukasema nimekuuzia jina."

Mume wangu alipiga. Vile vidole viwili vilihangaika kwanza, kama mtu anayetafuta kandambili gizani, halafu vikatulia. Sauti ikatoka nene, ina mkwaruzo kidogo mwishoni. Alifumba macho.

"Ndilo," alisema.

"Silo, baba."

"Ndilo."

Yule mama alinitazama, akatabasamu, akaacha kubishana. Alitubebea mwenyewe hadi kwenye gari la kukodi, na akamwonya dereva kwamba taa za ndani ni kioo kitupu, aendeshe kama amebeba mayai.

Tulipofika nyumbani mume wangu hakupiga gitaa. Alipiga simu. Alisimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu. "Kaka," alimwambia Bosi, "nimelipata lile sanduku." Nikamkazia macho. Akafunika simu kwa kiganja. "Nikisema jipya hawatakuja," alininong'oneza.

Alipokata simu nikamuuliza, "Unataka nini kwa watu hawa, baba watoto?"

"Wimbo mmoja tu. Wakae hapa tupige wote wimbo mmoja. Halafu Bosi aniite Sindano, kama zamani. Basi."

Ndiyo maana siku ya kuja kwao aliamka kabla ya jogoo kupasha moto sanduku.

Walikuja watatu kwa gari la Bosi. Bosi mwenyewe, mwimbaji, tumbo limetangulia mlangoni. Nyuma yake Tarumbeta, aliyekuwa akipuliza tarumbeta, mtu ambaye huanza kucheka kabla Bosi hajamaliza kusema. Wa mwisho alikuwa mpiga ngoma. Yeye tulimwita Kimya, na jina lilimtosha.

"Shemeji!" Bosi alinishika bega. "Bado unaye huyu? Nilidhani umeshamrudisha kwao."

"Karibuni ndani, shemeji. Yupo, anawangoja."

"Mtetemo!" Bosi akamwita mume wangu hivyo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Mkono hajambo?"

"Hajambo, kaka. Anawasalimu," mume wangu alijibu, na akauficha nyuma.

Bosi hakukaa. Alilizunguka sanduku kama mnunuzi wa ng'ombe, akapapasa kitambaa, akakinusa. Kisha akavaa miwani, akainama upande wa nyuma palipo na kibati. Alipoinuka alikuwa ameshaanza kutikisika kwa kicheko.

"Jamani, njooni msome. Limetengenezwa mwaka huu! Mtetemo, umetuita kumwona marehemu, kumbe umevalisha mtoto wa watu suti ya marehemu."

Tarumbeta alijipiga paja. Mume wangu alisema, "Lakini sauti, kaka, sauti ni ile ile. Ngoja usikie."

"Hapana, wazo zuri hili," Bosi akaendelea. Wakati huo nilikuwa naingia na sinia la chai. "Kama siku hizi kuna matoleo mapya, basi na shemeji tumletee mwenzake. Umbo lile lile, kitambaa kile kile, ila magoti hayalii."

Walicheka. Na mume wangu akacheka kuwashinda.

"Mleteni, kaka, mleteni!" alisema. "Huyu wangu hata ukimpasha moto tangu alfajiri, hatoi sauti ila ya kulalamika."

Neno hilo liliniingia mpaka mfupani, sitasema uongo. Lakini nilimwona alivyomgeukia Bosi mara tu aliposema, macho yamemtoka, anatazama kama amechekesha vya kutosha. Nikamsamehe palepale. Kimya hakucheka. Alisimama, akanipokea sinia, akalitua mezani, akanipangia vikombe kimoja kimoja, mishikio yote upande wa wageni, kama anavyofanya mtu aliyelelewa.

Mume wangu akaanza kupiga. Alichagua wimbo wao wa zamani wa kufungulia dansi. Mwanzo ni wa gitaa peke yake, na siku ile vidole vilimtii. Kimya alichukua vijiko viwili, akaanza kugonga ukingo wa meza. Hata Tarumbeta alifumba mdomo, akawa anaguna sehemu yake ya tarumbeta puani. Kwa kitambo kidogo sebule yetu, na makochi yake yaliyochoka, ilikuwa ukumbi. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, nikaona mgongo wa mume wangu unanyooka.

Bosi akaingia na sauti. Bado anayo, lazima niseme, Mungu hakumnyima. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Ubeti wa pili akaupandisha wimbo.

Katika bendi yao kulikuwa na desturi. Mwimbaji akitaka kupanda, anainua kidole kimoja kiunoni, mpiga gitaa anaona, wanapanda pamoja kama watu wawili wanaovuka mfereji. Bosi hakuinua kidole. Alitia mikono yote miwili mfukoni, akapanda peke yake, akimtazama mume wangu.

Gitaa likabaki chini. Mume wangu alishtuka, akamkimbilia, vidole vikaanza kutetemeka. Alipokaribia kumfikia, Bosi akapanda tena.

"Mwenzio yuko juu ya ngazi, wewe bado unatafuta viatu!" Tarumbeta alimwambia.

Mume wangu alipiga noti mbaya, halafu nyingine mbaya zaidi, na sanduku likaitoa kwa uaminifu, nene, kubwa, kila mtu aisikie. Akaacha. Vijiko vya Kimya vikaacha pia. Jasho lilikuwa linamtiririka mume wangu shingoni.

"Samahani, kaka. Turudie."

Bosi alimtazama, akamtazama Tarumbeta, akakonyeza.

"Ah, si wewe, Sindano," alisema kwa sauti ya jukwaani. "Sanduku bovu hili!"

Akalipiga teke.

Hapa inabidi niwaeleze. Zamani, mume wangu akikosea ukumbini, Bosi alikuwa analipiga sanduku teke na kupaza sauti hivyo hivyo, "Sanduku bovu hili!" Watu walicheka wakadhani kosa ni la chombo, na mume wangu alipata nafasi ya kupumua na kuanza upya. Lile la zamani lilikuwa la mbao nene, halikudhurika. Ulikuwa wema, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimwombea Bosi kwa ajili yake. Siku aliyomfukuza, mume wangu alikosea, akageuka kungoja teke, na Bosi hakulipiga. Alimnyooshea kidole yeye.

Sasa sebuleni kwangu hapakuwa na watu wa kufichwa. Tulikuwa sisi tu, na sote tulijua nani amekosea na nani amemkosesha. Na teke lenyewe halikuwa la mchezo. Alivuta mguu nyuma kama anapiga penalti.

Sanduku lilianguka kwa mgongo. Tukasikia vioo, mlio mdogo tu, kama gilasi inayovunjika chumba cha pili. Mngurumo ukakatika. Ule mwanga wa kaa la moto ukazimika.

"Loo!" Bosi alisema. "Kweli jipya. La zamani lisingekufa kwa hilo." Akaangalia kiatu chake kama kimekwaruzika.

Nilitaka kusema. Nilimfikiria binti yangu na sauti yake ya kukesha. Nikasema tu, "Shemeji, limenunuliwa na mtoto."

"Basi atanunua lingine, shemeji. Si mnasema ana kazi nzuri?" Akamgeukia Tarumbeta. "Twende, foleni itatukuta."

Chai walikuwa hawajaigusa. Kimya peke yake aliinywa yake, yote, akiwa amesimama, moto vilevile, ili nisimwage. Kisha akapiga magoti kwenye zulia akaanza kuokota vipande vya kioo kwa vidole, akivitia ndani ya kikombe. Nilimwambia aache, nitafagia. Akatikisa kichwa, akaonyesha magoti yangu. Kidole chake kilitoka damu kidogo. Akakifuta kwenye suruali.

Mimi nilimfuata mume wangu. Nilidhani analia, kwa sababu alikuwa ameuelekea ukuta. Nikamshika mkono, ule wa kushoto.

"Pole, baba watoto."

Akageuka. Hakuwa analia. Uso wake uling'aa kuliko asubuhi.

"Umesikia?" aliniuliza. "Ameniita Sindano."

"Nimesikia."

"Na amelipiga teke, mama watoto. Nimekosea, na amelipiga teke."

Niliangalia ile fulana, ambayo bado ilikuwa nje ndani chini ya shati lililofunguka vifungo. Nikamfunga kifungo cha juu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeona konyezo? Mtu akifurahi hivyo kwa umri wetu, humnyang'anyi.

Nje mlango wa gari ukabamizwa. Mume wangu akachomoka mkononi mwangu, akatoka bila viatu. Nilimfuata mpaka kizingitini. Kimya alikuwa anaingia kiti cha nyuma, akaniinamishia kichwa. Bosi alikuwa ameshawasha gari na anapandisha kioo cha dirisha, na mume wangu amekishika kwa vidole vyote vya mkono wa kushoto, vinatetemeka juu ya kioo kinachopanda.

"Kaka, taa nyingine zipo dukani, nitazitia," alikuwa anasema, akienda na gari hatua kwa hatua. "Na zisipopatikana nitapiga kavu, bila sanduku, hivi hivi. Mje tena, kaka. Wiki ijayo, au siku yoyote mkipita njia hii. Mje tena."