Baba Haji Mchana

Kiwandani walimwita Godoro, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kukata sponji za magodoro kwa kisu cha mashine, kile kirefu kinachozunguka kama mkanda na kulia kama nzi aliyefungiwa chupani. Mchana kutwa aliwatengenezea watu usingizi. Wa kwake aliupata kwa kuiba, saa ya chakula, juu ya mabaki ya sponji nyuma ya stoo, mdomo wazi, wenzake wakishindana kumlenga kwa vipande vidogo.

Nyumbani nako alilala, kama kuanguka ni kulala. Kati ya kiwanda na kwake ulitandaa mji mzima. Alifika giza limeshaingia, akala macho yamefumba nusu, na alfajiri alitoka akinyata kama aliyeiba kitu.

Tena mtaa ule hakulazimishwa na mtu. Aliuchagua mwenyewe, kwa ubishi. Mkewe, msusi mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole, alimwambia mapema, "Tukae karibu na kazi yako, baba watoto. Mimi kazi yangu ni vichwa, na hata huko watu wanavyo." Akakataa katakata. Yeye alilelewa kando ya barabara kuu. Duka lilikuwa ng'ambo, shule ng'ambo, bomba la maji ng'ambo. Mdogo wake aliyemwachia ziwa alitumwa chumvi, hakurudi. Lori halikusimama, na hapakuwa na mtu wa kulipigia kelele lisimame, maana pale hakuna aliyekuwa akitembea wala kukaa nje. Kwa hiyo Godoro aliapa: wanawe watakaa mahali pa kwenda kwa miguu. Akapata mtaa wenye shule, zahanati, soko na chumba cha saluni, vyote jirani kwa jirani, na vijia ambavyo gari likiingia huona haya likarudi nyuma.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Juzi alisinzia mbele ya kisu. Kisu kikala ncha ya glavu, na alichomshukuria Mungu ni kwamba glavu za kiwanda kile humpwaya kila mtu. Asubuhi ya leo msimamizi alimwita pembeni.

"Godoro, wewe utatuachia vidole ndani ya godoro la mteja. Sikiliza. Kuna nyumba ya kampuni imebaki tupu, hapo ng'ambo ya barabara. Ukijiviringisha kitandani unaangukia kazini. Kesho nataka jibu, wenzako wanaimezea mate."

Ng'ambo ya barabara. Godoro alilisikia neno, akajitia hamnazo. Mtu aliyechoka husikia anachotaka, na yeye alisikia "kitandani".

Mchana wa siku hiyohiyo umeme wa kiwanda ulikatika kwa kishindo, transfoma ikatoa moshi, wakaruhusiwa kwenda. Njiani alipanga maneno yake kama mshenga. Angepitia shuleni kumchukua binti yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Angembeba mabegani mpaka saluni. Na pale kila mtu akiwa anacheka, angeitupia ile habari ya nyumba katikati ya kicheko. Alikuwa na furaha hata akasahau kujikung'uta. Vipande vya sponji vilimjaa kichwani kama mtu aliyenyeshewa na mto wa kulalia.

Kwenye lango la shule alikaa mlinzi, mama mnene ambaye watoto wote walimwita Kufuli. Hakuwa na daftari wala orodha. Alikuwa na macho.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," Godoro alisema, akamtaja kwa darasa na kwa mama yake, msusi wa kona ile.

Kufuli alimpima kuanzia viatu. "Mwanao."

"Ndiyo."

"Huyo mtoto huchukuliwa na mama yake. Mama yake akibanwa, huja mshonaji. Mshonaji akibanwa, fundi viatu yule pale humvusha mpaka saluni. Wewe uko wapi hapo?"

"Mimi ni baba yake!"

"Hongera. Simama kando, watoto wapite."

Akampigia mkewe simu. Ikaita mpaka ikachoka. Bila shaka vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta ya nywele. Ng'ambo ya kijia, fundi viatu aliinua kichwa kutoka kwenye soli. Mshonaji naye alikuwa amesimama pale akimsubiri mwanawe, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Mama Kufuli," fundi viatu alisema, "huyo mimi namfahamu. Si yule mpangaji wao?"

"Mpangaji gani?"

"Yule wa chumba cha nyuma. Huja usiku na mfuko wake, alfajiri hayupo. Mpangaji mzuri sana, hana kelele."

Mshonaji aliziba mdomo kwa futi. "Jamani! Na mimi nilishamuulizia dada yetu yule kwa kaka yangu mjane, nikajua hana mtu!"

Wakacheka. Godoro naye alijaribu kucheka.

Ndipo mtoto akatoka. Alikuwa anasimulia jambo kwa mikono miwili, huku na huku wenzake wakimsikiliza, na Godoro akagundua kwamba hajawahi kumwona akisimulia kitu. Alikuwa amepoteza jino la mbele. Lini? Mtoto alipomwona alisimama ghafla, akarudi nyuma hatua, akashika sketi ya Kufuli.

"Mama," Kufuli alimwinamia, "unamjua huyu?"

"Ni baba," mtoto akasema polepole. Kisha akaongeza, kwa sauti ya anayesahihisha hesabu, "Lakini baba haji mchana."

"Umesikia mwenyewe, kaka," Kufuli alisema. Hakuwa anatania tena. "Sikupi mtoto."

Damu ilimpanda Godoro. Uchovu wa siku zote zile, kicheko cha mpangaji na kaka mjane vilimpanda pamoja. Akapitisha mkono kando ya mlinzi, akamkamata mtoto kifundo cha mkono. "Twende nyumbani!"

Mtoto akapiga yowe.

Hata hakujua walifikaje. Fundi viatu alikuwa mbele yake na nyundo mkononi, kiatu cha mtu bado kimemkalia mkono wa pili kama soksi. Mshonaji alikuwa ameshamvuta mtoto kifuani. Dirisha moja likafunguka juu, jingine likafunguka chini, sauti ya kizee ikauliza kuna nini, muuza mboga akaacha mizani ikining'inia. Kufuli alijaza lango lote.

"Mwachie."

Akamwachia. Akaketi kwenye ukingo wa njia, mikono imelala mapajani. Hivyo ndivyo alivyoutaka mtaa. Hiki ndicho alichokuwa akisafiri ule mji wote kukilipia: kwamba mtoto akilia, njia nzima isimame. Nao walisimama. Wamemsimamia mtoto wake dhidi yake, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mkewe alikuja mbio, kitana kimechomekwa nywelani, kitindamimba mgongoni. Alimwona mumewe chini, akaona nyundo, akaanza kucheka. Alipomwona uso, kicheko kikamwishia.

"Jamani, huyu ni wangu," alisema. "Kweli kabisa. Mwacheni, nani mwingine atamtaka."

Fundi viatu alishusha nyundo. "Shemeji, utatusamehe. Huwa hatukuoni."

"Hapana," Godoro alijibu. "Mmefanya vizuri." Akampa mkono. Mkono wa fundi ulikuwa na gundi, ikabidi wabanduane.

Walirudi kwa miguu. Kwenye kona Godoro alishika kushoto, mtoto akamtazama kwa huruma. "Kwetu ni huku, baba." Njia hiyo alikuwa akiijua kwa giza tu.

Mtoto alipotangulia, aliitoa habari yake, bila upangaji wowote. Nyumba ya kampuni. Jibu ni kesho. Kisha, kwa kuwa ameanza, akatoa na ile ya glavu.

Mkewe alisimama. Alimshika mkono, akavihesabu vidole kwa kuvigusa kimoja kimoja kama anayetafuta chawa. "Na ulikuwa unaniambia lini? Nikiletewa kiganja kwenye mfuko?" Akavuta pumzi. "Basi tuhame. Nimesema tuhame. Saluni nitafungua huko."

"Ni ng'ambo ya barabara kuu."

"Nimesikia. Tutawashika mikono."

"Sisi wawili tuna mikono mingapi? Pale langoni leo ungeihesabu ungechoka." Alimtazama mtoto kule mbele. "Nilikuja kukwambia tuhame. Nilikuwa nimeshahama moyoni. Sasa siwezi."

"Na kisu?"

"Kesho nitamwambia msimamizi aniondoe kwenye kisu. Anipeleke kufunga, na wale vijana."

"Utafunga magodoro kwa nailoni, wewe fundi? Watakucheka."

"Wananitupia sponji mdomoni, mke wangu. Sijui kicheko kimebaki kipi."

Mkewe hakucheka. "Usalama wa vidole nimeuelewa," alisema. "Sisi tutakuona lini, hilo sijalielewa."

Waliendelea kutembea. Mtoto aliwasubiri mlangoni, akimkagua baba yake kwa jicho moja, bado hajaamua.

"Kesho pia utakuja?" akauliza.

Alikuwa na uongo mzuri tayari ulimini, ule wa tutaona. Akaumeza.

"Kesho hapana."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa kuna mvua. Akaweka mkoba chini, akageuka kwenda kwa mshonaji kucheza na mwanawe, bila kumuuliza mtu. Godoro aliinua mguu kumfuata. Mkewe akamgusa bega.

"Mwache. Huko anajulikana."

Akabaki mlangoni, akimtazama mwanawe akiamkia watu njia nzima, nao wakimwitikia kwa jina, mpaka akapinda kona.