Watoto wa Kwanza wa Ayubu

Surua ilipita Mwisenge mwaka 1984, ikamchukulia Dorkas watoto wake wote watatu ndani ya siku tisa. Zahanati haikuwa na dawa, na madukani hakukuwa na nguo. Wa mwisho alizikwa amezungushiwa pazia la jirani badala ya sanda. Siku ya matanga Dorkas alikutwa nyuma ya nyumba ameshika kamba. Mwinjilisti Nyamhanga akaitwa. Alikaa naye chini mpaka jioni, akimsimulia habari za Ayubu, mtu aliyepoteza watoto wote kwa siku moja, na Mungu akamrudishia.

Neno hilo, kurudishiwa, Dorkas alilishika. Mumewe Masatu alipotaka wazae tena, alikataa. Alimwambia watoto wanao tayari, ni kuwasubiri tu warudi. Masatu alivumilia miaka mitatu, kisha akahamia Kabasa, kule Bunda, akaoa mwingine. Dorkas hakumlilia sana. Alimwona mtu wa imani haba, akamhurumia.

Kusoma alijifunza baadaye, kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi kilipompunguza. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mwalimu Justina wa darasa la watu wazima alimfundisha herufi, silabi, kisha sentensi. Wakati huo madukani kila kitu kilikuwa kimerudi: sabuni, khanga, hata Biblia. Dorkas akanunua moja, akaanzia Ayubu. Palikuwa pagumu. Watu wanabishana kurasa kwa kurasa, na maneno mengine hata Justina hakuyajua. Ilimchukua miezi saba kufika mwisho.

Mwishoni akakuta watoto kumi, idadi ile ile ya mwanzo. Alifurahi, akasoma tena. Mabinti watatu walitajwa kwa majina. Akarudi mwanzo kuyatafuta majina hayo, hakuyaona. Wale wa kwanza hawakutajwa hata mmoja. Akamuuliza Justina kama kuna ukurasa umechanika. Justina akakagua, akamwambia polepole kwamba hao wa mwisho ni wengine. Wa kwanza walikufa.

Dorkas alimkuta Nyamhanga akipalilia mihogo. Akamsomea pale pale shambani, bila kukosea, kisha akamuuliza kwa nini alimwambia walirudi.

"Nilisema alirudishiwa," Nyamhanga alijibu. "Ulivyoelewa niliona. Nikaacha hivyo hivyo, maana ulikuwa na kamba mkononi."

"Hiyo ilikuwa siku moja, Mwinjilisti. Miaka yote hii ulikuwa unanionaga kanisani."

Nyamhanga alikiri kwamba aliogopa kumwambia. Kisha akasema Mungu bado anaweza kumfariji, akataka waombe.

"Mimi nilikataa kuzaa," Dorkas akamwambia. "Masatu ana watoto watano Kabasa."



Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimwomba Dorkas asome somo, kwa kuwa sasa anajua kusoma. Alisoma kwa sauti, vizuri, na akina mama wakapiga vigelegele. Aliporudi kuketi, jirani yake alimshika mkono, akamnong'oneza kwamba Mungu amemlipa. Dorkas akautoa mkono wake, akafungua Biblia mwanzo wa Ayubu.