Safu ya Nne

Shefu Anaclet alikuwa na muhuri, kalamu mbili za biki na kaye kubwa, daftari lenye jalada gumu, na jinsi alivyoibana kwapani akipita kwenye avenue yake, mtaa aliousimamia, ungedhani amebeba mji wote wa Bunia. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake humo. Safu ya kwanza jina, ya pili idadi ya watu, ya tatu kazi, ya nne kabila. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata Alphonsine, naibu wake, mama mkaanga mikate, alipotaka kujua nani kahamia, alijibiwa, "Niulize mimi."

Basi mwaka 2002 wenye bunduki wa upande mmoja walipouteka mji, walikuja kwake asubuhi wakiwa na adabu zote. Wakamwita muzee. Wakaiomba kaye, naye akaitoa, tena aliipangusa vumbi kwanza, jamani! Alijiambia kwamba kazi ya shefu ni kutii wakubwa, wawe nani. Wale wakapitisha kidole kwenye safu ya nne, wakaenda moja kwa moja hadi nyumba ya saba, wakamchukua Hubert, fundi baiskeli. Hubert hakurudi. Mkewe Solange hakupiga kelele. Alianza tu kupita mbele ya Anaclet bila kumsalimia, na akaendelea hivyo kwa miezi.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, risasi zikalia tena. Upande ule ukakimbia, ukaingia mwingine, wa kabila la Hubert. Anaclet alijua watakuja kuomba nini. Safu ni ile ile, ila sasa majina ni mengine, ya kabila la waliokimbia, na nyumba ni kumi na nne. Aliwaza kutoroka mji kwa njia ya Mambasa, aiache kaye mezani, wamalizane wenyewe. Badala yake akaenda kwa Alphonsine, na kwa mara ya kwanza tangu awe shefu, akauliza.

"Nifanye nini?"

"Ala! Leo njo unauliza?" Alphonsine aligeuza mikate kwenye mafuta. "Kaye haiko ya weye peke yako, shefu. Iko ya batu. Waite."

Wakaja, wakajaa uani kwa Alphonsine. Anaclet alivua kofia.

"Hubert mimi ndiye nilimtoa," alisema. "Sikumushika mukono, lakini nilimtoa. Nisameheni, ama musinisamehe. Kila mutu akuje achane ukurasa wake."

Walikuja mmoja mmoja, wakachana, wakatia motoni chini ya karai la mikate. Solange alikuja wa mwisho. Alisoma jina la mumewe taratibu, akaukunja ukurasa, akauficha kwenye kitenge. Hakuuchoma. Anaclet aliona, lakini angeanzia wapi kumkataza?

Kesho yake wenye bunduki walifika. Mkubwa wao akadai kaye.

"Niliichoma," alisema Anaclet.

Walimlaza chini, wakampiga kwa kitako cha bunduki hadi mkono wa kulia ukavunjika. Kisha mkubwa akauliza mjane wa nyumba ya saba ni nani, kwa kuwa habari za Hubert alikuwa nazo. Solange akasogea.

"Mama, siye tulikuja juu ya bwana yako, kumulipiza," alisema mkubwa kwa upole. "Tuonyeshe nyumba zao tu."

Anaclet, uso vumbini, aliwaona watu wa zile nyumba kumi na nne wamesimama pale pale, wanamtazama mwanamke mmoja. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwomba lolote, na Anaclet ndiye kabisa hakuwa nayo. Solange alishika kitenge chake pale ulipokuwa ukurasa.

"Zao ya nani?" alisema. "Hapa batu bote ni ya avenue. Bwana yangu alitengeneza baiskeli ya kila mutu hapa. Kama munataka kumulilia, ingieni, muketi, mulie na siye."

Mkubwa akatema mate. Bila kaye wala wa kuwaonyesha nyumba, wakaondoka.

Jioni Anaclet alimpelekea Solange muhuri kwa mkono wa kushoto. "Avenue ilishakubali. Shefu ni weye."

"Sikufanya juu yako," alisema Solange.

"Najua."

Akaupokea. Alinunua kaye mpya, akamwita Anaclet aandike, kwa kuwa ndiye aliyezijua nyumba zote, na Alphonsine akae hapo ajifunze. Wakachora safu tatu. Walipofika nyumba ya saba, Solange alitoa ule ukurasa kitengeni, akaulaza mezani.

"Andika: Hubert, fundi baiskeli."

"Lakini, Solange..."

"Andika. Alikuwa hapa."

Anaclet aliandika kwa mkono wa kushoto, machozi yakimtoka bila aibu. Solange aliinama, akakagua.

"Herufi zimepinda," alisema. "Rudilia."

Akarudilia.