Mgeni wa Mama

Ndoa ilipomshinda kabisa, fundi cherehani alirudi kwao na mashine yake na begi la nguo. Chumba cha usichana wake kilishakuwa cha watoto wa kaka yake, hivyo wifi yake akamtandikia godoro chumbani kwa mama.

Mama alikuwa mzee wa kusahau. Alimtazama bintiye akifungua begi, kisha akasema kwa adabu, "Karibu mgeni, jisikie uko kwako."

Nyumba nzima ikacheka. Fundi naye akacheka, ila macho yalimlowa.

Kutwa alishona sare za shule barazani, mama kando yake akimkatia nyuzi na kumsifia binti yake.

"Ninaye mmoja tu. Ameolewa mbali, ametulia kweli."

"Hajawahi kupata matatizo?"

"Aah, ya ndoa tu. Aliwahi kukimbilia hapa, nikamrudisha mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, vumilia. Si unaona sasa?"

Fundi aliikumbuka safari ile. Alikuja jino limevunjika, na mama alimsindikiza mpaka mlangoni kwa mumewe, akaomba radhi kwa niaba yake. Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zake zijaze baraza.

Mwezi haujaisha, mama akaanza kunung'unika. "Mwenzangu, kwenu hawakutafuti?"

Wifi uzalendo ukamshinda. "Mama jamani! Huyu si binti yako wa kumzaa?"

Mama alimkagua fundi usoni, toka paji hadi kidevu, akatikisa kichwa. "Mwanangu hajachakaa hivi."

"Mwache tu, wifi," fundi akasema.

Akapanga chumba nyuma ya duka la vitambaa, kidogo, kitanda na cherehani vikibanana. Wifi alilia siku anahama. Kaka alimbebea mashine.

Kila alasiri fundi alirudi kumwogesha mama, kwa kuwa wifi alikuwa na mtoto mchanga na kiuno kilimsumbua. Mama alikubali kwa shingo upande, akijifunika kifua kwa mikono.

Siku moja, sabuni ikiwa bado mgongoni, akamshika fundi mkono.

"Nakuomba kitu, dada. Akija mwanangu, usimwambie kuwa naogeshwa na watu baki. Ataumia."

"Sitamwambia," fundi akajibu, akammiminia maji ya uvuguvugu mabegani, taratibu.