Pikapu Inayoshika Mara ya Pili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala uvunguni mwa pikapu yetu, mgongo kwenye udongo mwekundu, mwanangu Mboni amelala kifuani pangu. Sikushangaa. Nilijua tu kwamba asubuhi tungeteremka wote watatu, mimi, Mboni na baba yake, kutoka huku juu Soni mpaka Mombo, kumpeleka mtoto akamwone bibi yake, na kwamba kabla ya kuteremka ni lazima mtu alale uvunguni. Nani kasema ni lazima, sijui.

Juu yangu chuma chote kinang'aa. Juzi mume wangu, Hoza, alipaka rangi nyeusi huko chini, hakubakiza kitu: chesisi, springi, hata ile paipu nyembamba inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma. Alipomaliza alichutama akaitazama pikapu kama anayemtazama bwana harusi. "Umeona, Mama Mboni? Mpya."

Juu ya paipu hiyo ameketi mzee wa kahawia. Kanzu yake ya kahawia, kofia yake ya kahawia, na shingoni amefunga kitambaa cheupe kama mtu aliye mezani. Anatafuna taratibu.

"Shikamoo," nasema.

Kimya. Anatafuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uniwie radhi, ile ya kwanza sikuipata. Humu kila kitu hushika mara ya pili. Ni sheria ya mumeo."

Hakudanganya. Breki za pikapu yetu ukizikanyaga mara moja, pedeli inazama mpaka chini na gari linaendelea na safari zake. Ukikanyaga tena, linasimama. Hoza humweleza hivyo kila anayepanda, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango unaofunguliwa kwa kusukuma na bega: "Usiogope, ya pili inashika. Ni kuizoea tu." Na tumeizoea. Nikikaa pembeni yake hata mguu wangu hukanyaga mara mbili, hewani.

"Wewe ni nani?" nauliza, kisha nauliza tena.

"Kutu."

"Unafanya nini hapo?" Swali hilo nalo nalirudia.

"Nakula. Watu wenyewe husema gari limeliwa na kutu, halafu wakinikuta mezani wanashtuka." Anajifuta mdomo. "Nilianza zamani, gari hili likibeba samaki kule Tanga. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika huku chini mchana kutwa. Chakula cha kule kilikuwa kimekolea. Ninyi wa milimani mnanilisha ukungu na matope, lakini silalamiki."

"Hoza si amekupaka rangi?"

"Amenifunika vizuri, Mungu ambariki. Sasa nakula bila nzi."

Ananigeuzia paipu nione alipofika. Imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndani yake nasikia mafuta ya breki yakipita kwa kunong'ona, kama watu wanaopita karibu na nyumba ya mgonjwa.

"Imebaki kiasi gani, mzee?"

"Tonge," anasema Kutu.

Nataka kuinuka nikamwambie Hoza. Nainua kichwa, na sikigongi popote, kwa sababu niko kwenye dawati, katika darasa la jioni. Wanafunzi wenzangu wote ni kabichi. Mwalimu ni Pedeli ya breki, amevaa tai. Kila akimaliza sentensi huzama mpaka sakafuni, kisha hupanda polepole na kuendelea na somo.

"Gari linateremka," anasema Pedeli. "Mtoto anavuka barabara. Dereva anakanyaga breki. Kunatokea nini?"

"Hakuna!" kabichi zinajibu kwa pamoja.

Anazama. Anapanda.

"Anakanyaga tena?"

"Inashika!"

"Vizuri sana. Mtoto yuko wapi?"

Kabichi kubwa ya mbele inanyosha jani. "Mwalimu, hilo halimo kwenye mtihani."

"Halimo," anakubali Pedeli. "Nauliza tu."

Jibu ninalo. Ninalo tangu siku ya kwanza nilipopanda ile pikapu na Mboni mapajani, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Nasimama. Nafungua mdomo, sauti haitoki. Naufungua tena.

"Mtoto yuko nyuma yetu, Mwalimu. Tumeshapita."

"Umepata," anasema Pedeli kwa huzuni, kama mtu aliyetamani nikose. Anazama. Safari hii hapandi.

Hapo ndipo naona kwamba darasa linateremka.

Tumo ndani ya pikapu, kwenye zile kona za kushukia Mombo, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Hoza yuko kwenye usukani, anapiga mluzi. Kutu ameketi katikati yetu, magoti pamoja, kama mzee aliyepewa lifti. Mikononi nimepakata kabichi, nimeifunika kwa kanga, naipigapiga mgongoni ilale.

Mboni yuko mbele, barabarani, kwenye kona. Ameketi juu ya lami anafunga kamba za viatu. Mwanangu hajajua kufunga kamba, hata kutembea ndiyo kwanza anajifunza. Lakini pale anafunga vizuri sana, bila haraka, ulimi nje, nami najivunia.

"Hoza, simama!"

Mluzi.

"Hoza!"

"Nimekusikia, mke wangu, kelele za nini?" Anakanyaga. Pedeli inazama. "Hiyo ni ya kwanza," ananieleza kwa upole. "Usiogope."

Anakanyaga tena. Inazama.

Anaitazama kama mtu aliyeitikiwa salamu vibaya. Kisha anamgeukia Kutu. "Mzee, ya pili haikushika."

Kutu anakunja kitambaa chake, pembe kwa pembe. "Nimeshiba, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Na ya tatu?"

"Hiyo hatukuahidiana."

Mboni anainua uso. Anatuona, anafurahi, ananyosha mguu atuonyeshe kiatu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mboni alikuwa pembeni yangu, mzima, wa moto, kisigino chake shingoni mwangu. Nilikishika kile kisigino kwa muda. Nje nilimsikia Hoza akikaza kamba juu ya mzigo wa kabichi, nikatoka nikasimama mlangoni.

"Leo hatushuki," nikasema.

"Haya, umeanza. Mama yako huko keshaweka sufuria jikoni."

"Nimeota breki."

"Wenzio wanaota nyumba za ghorofa, Mama Mboni. Wewe breki!" Akacheka, akavuta kamba. "Ehe, zilikuwaje?"

"Hazikushika."

"Ya kwanza hiyo."

"Na ya pili."

Hakucheka tena, ila hakuacha kukaza. "Jana nimetoka nayo sokoni, ziko vilevile. Unajua kabichi hizi zikilala zitafaa nini? Mvalishe mtoto twende."

"Mtoto simvalishi."

"Kwa ajili ya ndoto?"

Nikaushika mwimo wa mlango. Ndipo kuku wetu mwekundu, asiyetaka banda nililomtengenezea, akatoka uvunguni mwa pikapu alikolala, karibu na gurudumu la nyuma. Akajikung'uta. Manyoya ya mgongoni hayakutikisika. Yalikuwa yameshikana, yamelala kama nywele zilizotiwa mafuta.

Nilimkamata. Hakukuwa na umande wala mvua. Kilichonishika vidoleni kilikuwa cha majimaji na chenye utelezi. Nikampelekea Hoza yule kuku aguse mgongo.

Aligusa. Akasugua kidole gumba na cha shahada. Akanusa. "Mafuta ya breki," akasema. Akamtazama kuku, akatazama kule alikotoka kuku, kisha akamtazama Mboni, aliyekuwa amejikokota mpaka kizingitini, amesimama kwa kushika gauni langu, usingizi bado machoni.

Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akanitia mkononi, akaanza kufungua kamba za kabichi.