Ukuta Uliotangulia Jiwe la Msingi

Ukuta wa darasa jipya ulishafika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, jamani, limebaki paa tu, ndipo katibu wa diwani akaja na viatu vyake vya kung'aa kumwambia fundi abomoe.

"Pembe ile ya mbele," alisema. "Mheshimiwa anakuja kuweka jiwe la msingi. Sasa ataliweka wapi, juu ya renta?"

Fundi akacheka. Katibu hakucheka.

Huyu fundi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na chumba kile walikijenga wenyewe, kila Jumapili, migongo ikiwauma. Idara ya elimu ilikuwa imewaambia wazi: bila chumba kingine, darasa la tano linafutwa pale, watoto waende shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Na kitinda mimba wa fundi ndiyo kwanza anaingia la tano, mguu wake mmoja mbovu tangu kuzaliwa. Ng'ambo asingefika. Masomo yake yangeishia hapo.

"Ukikataa, mabati msahau," katibu akasema. "Anayeyatoa ni mheshimiwa."

Mkewe aliposikia alimjia juu. "Una wazimu? Kokoto zile nimezibeba kichwani mpaka shingo ikakakamaa!"

"Mama watoto, nifanyeje? Bila mabati tumejenga bure."

"Basi bomoa mwenyewe."

Akabomoa mwenyewe. Alitaka kutoa tofali moja moja ayatumie tena, lakini ukuta ulikuwa umeshika kwelikweli, ikabidi apige nyundo. Pembe ikaondoka na nusu ya ukuta. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

Siku ikafika. Mheshimiwa akapaka saruji kiduchu, akapigwa picha, akashika kipaza sauti.

"Wazazi wangu, mmeteseka vya kutosha! Kuanzia leo ni marufuku mzazi kuchangishwa wala kubebeshwa tofali. Serikali itajenga yenyewe. Atakayeshika mwiko hapa bila kibali, tutamkamata!"

Vigelegele! Hata mke wa fundi alipiga, mpaka alipomwona mumewe.

"Kwani kasema vibaya?"

Fundi alikuwa anapenya kwenye umati kumwahi mheshimiwa mlangoni pa gari. "Mheshimiwa, na mabati? Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Pumzika, mzee wangu. Bajeti ijayo mmo." Mlango ukafungwa.

Jumatatu fundi alimvalisha mwanawe sare, akambeba mgongoni hadi shuleni, mwiko kiunoni. Akamkalisha kivulini, akaanza kukoroga udongo. Maji hata hayajakolea, mwalimu mkuu akatoka mbio.

"Mzee, nakuomba. Watanifukuza kazi."

"Niweke pembe tu, mwalimu. Pembe tu! Paa nitaezeka hata kwa maturubai."

"Darasa la tano limeshafutwa. Nimeletewa amri asubuhi hii." Mwalimu hakuweza kumtazama yule mtoto. "Mpeleke ng'ambo, au… sijui, mzee wangu. Wallahi sijui."

Fundi akaacha udongo pale pale, akampandisha mwanawe mgongoni. Walipotoka getini mtoto akamuuliza sikioni, "Baba, mwalimu amesema nirudi lini?"

"Hakusema, mwanangu."