Kaya za Dunguni

Kitengo cha data cha mradi wa Afya Majini, pale Kibiti mjini, kilikuwa na watu wanne, feni moja na vyeti arobaini na kimoja. Vyeti vilianzia mlangoni, vikapita juu ya kabati, vikazunguka dirisha, na cha mwisho kilibandikwa nyuma ya mlango wa choo ili hata mwenye haja zake asikose cha kujifunza. Mgeni angedhani ameingia chuoni. Kumbe kazi ya chumba kile ilikuwa kuhesabu watu wa delta, basi.

Mambo haya aliyaleta mkuu wa kitengo, Bwana Abdulrazaq. Alikwenda semina ya siku tano Morogoro akiwa mtu wa kawaida, akarudi na fulana, flashi na maneno matatu: utamaduni wa kujifunza. Tangu siku hiyo hapakukalika. Kila wiki kila mtu amalize somo moja mtandaoni. Kila Alhamisi asubuhi kuwe na kikao cha kujifunza. Pointi ziliandikwa ubaoni, na pembeni ikabandikwa karatasi kubwa yenye kichwa "Makosa Yetu Ndiyo Walimu Wetu", ambapo kila mtu alitakiwa kuandika alipokosea ili wenzake wafaidike. Katika miezi sita alijitokeza mwalimu mmoja tu: Twalibu aliandika kwamba alisahau kuzima feni. Mikataba ilikuwa inahuishwa mwisho wa Juni, na mle ofisini hapakuwa na mjinga.

Aliyeongoza kwa pointi alikuwa Sabra, binti wa Mchukwi, mwenye miaka ishirini na minane na uso wa mtu anayejua jibu kabla ya swali. Sabra aliupenda utamaduni ule kwa moyo wote. Masomo ya mwezi aliyamaliza kabla mwezi haujaanza. Somo la "Kusafisha Data" alilifanya mara mbili, mara ya pili kwa raha zake tu.

Basi ikaja kazi yenyewe. Mradi ulikuwa na boti ya kliniki, inayobeba muuguzi, chanjo na mizani ya watoto, na kila mwezi ilizunguka vijiji vya delta. Mafuta yalipanda bei, wakubwa wa Dar es Salaam wakataka kujua ni vijiji gani vina watu wachache, virukwe. Kijiji chenye chini ya kaya mia moja, boti isipinde tena. Kazi akapewa Sabra.

Orodha ya Kiongoroni ilikuwa na kaya mia na tisini. Mkusanyaji alizipitia mwezi wa tano kwa kishikwambi, mara tatu kila nyumba, na kaya mia moja na kumi na nne hazikukutwa hata mara moja. Milango imefungwa. Somo lilishafundisha: kaya isiyopatikana mara tatu ni kaya hewa, futa. Kulikuwa pia na safu ya maoni, maneno matupu yaliyoandikwa na mkusanyaji, nayo maneno hayachoreki kwenye grafu. Mudy, kijana wao wa dashibodi, alishawaambia, "Hiyo safu inazingua, dada. Piga chini." Sabra akaipiga chini bila kuisoma. Zikabaki kaya sabini na sita. Kiongoroni ikatoka kwenye njia ya boti kuanzia Julai, na Sabra akapigiwa makofi na kuongezewa pointi ishirini.

Jumatatu ya wiki ya tatu ya Juni akaingia mama mmoja wa makamo, mtandio umeloa chumvi mpaka umekakamaa, daftari kwapani. Alikuwa Bi Hajira, mhudumu wa afya wa Kiongoroni, na ndiye aliyezipita zile nyumba mara tatu. Ametoka na mashua hadi Nyamisati, kutoka Nyamisati kapanda bodaboda. Katika miezi yote ile ya kujifunza, hakuna mtu wa kitengo aliyewahi kumwona wala kusikia sauti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nahodha kaniambia boti mwezi ujao haipindi kwetu. Eti hatuna watu." Bi Hajira alikaa bila kukaribishwa. "Nina watoto sitini na mmoja wanangoja chanjo ya pili ya surua. Hao nao wamekuwa nini, kambare?"

Sabra akamweleza, kwa upole wa mtu mwenye vyeti, habari ya kaya kutopatikana mara tatu.

"Utawapataje mwezi wa tano? Wako dunguni! Si nimeandika? Nimeandika kila nyumba, mpaka kidole kikaniuma."

Sabra akalifungua faili la awali. Safu ya maoni ilikuwepo, inamngoja. Wapo dunguni. Wapo dunguni wote. Mama yupo dunguni na mapacha wake. Baba kaenda dunguni, kateguka mguu, atarudi wakivuna. Mistari mia moja na kumi na nne, na kila mstari una dungu lake.

Laiti angekuwa mtu wa kuja! Mtu wa kuja angesema hajui dungu ni nini. Sabra alizaliwa na watu wa mto. Kila mwaka, mpunga ukianza kuzaa, bibi yake alifunga mlango wa nyumba kwa kamba na kuhamia shambani, kwenye kibanda cha juu ya nguzo, miezi mitatu minne, akiwafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Sabra mwenyewe alikula maboga ya kuchemsha juu ya dungu lile likizo zote za shule ya msingi. Leo, kwa pointi ishirini, ameshindwa kukumbuka nyumbani kwao watu wanaishije.

Bi Hajira alimtazama. "Wewe si wa huku huku? Bibi yako alikuwa halimi?"

"Alikuwa analima, mama."

"Ungemfuta na yeye."

Sabra aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Akachukua kalamu, akamwomba namba yake ya simu.

Alhamisi, kikaoni, alisimama akachukua kalamu na kuandika kwenye ile karatasi kubwa: Nimefuta kaya 114 za Kiongoroni. Zilikuwa dunguni. Sikusoma safu ya maoni.

Bwana Abdulrazaq akapiga makofi, machozi yanamlengalenga. "Mnaona? Huu ndio utamaduni! Sabra, sogea hapo nikupige picha, onyesha kosa kwa kidole." Picha ikaenda kwa wafadhili kabla chai haijapoa.

"Na ripoti tunairekebisha lini, mkuu?" Sabra akauliza. "Boti inapangwa wiki ijayo."

"Ripoti imeshapita, dada. Tukiirudisha, wataona hatujui kazi. Somo hili tutaliingiza kwenye mpango wa mwakani." Akatabasamu kwa huruma. "Sisi tunajifunza kwa ajili ya kesho."

Watoto sitini na mmoja wasubiri kesho ya Bwana Abdulrazaq. Sabra alirudi mezani, akampigia simu Bi Hajira, wakazipita kaya zile moja moja kwa saa mbili na nusu. Ikaonekana nne, zilipotoka dunguni, zilihama kweli, mbili Mafia na mbili Mbagala. Katika simu ile alijua pia nyumba ipi ina mjamzito, nani ana kifua kikuu, na kwa nini wavuvi hawakutwi mchana. Hapakutolewa cheti. Akarudisha kaya mia moja na kumi, akaandika barua fupi, "Kosa ni langu, takwimu sahihi ni hizi," akaituma Dar es Salaam kwa wote waliopokea ripoti, bila kumuuliza mtu.

Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja: Kiongoroni irudishwe kwenye njia ya boti.

Jumatatu iliyofuata Bwana Abdulrazaq alimwita. Alikuwa na huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba kuzifuta kaya lilikuwa kosa la kujifunzia, na kitengo kinajivunia. Kuzirudisha bila idhini, hilo ni la nidhamu. Mkataba hautahuishwa. Akamsogezea fomu ya kuondoka kazini, kurasa tatu, alizozitunga mwenyewe.

Sabra alijaza jina, cheo, tarehe. Alitaka kulia, akajizuia. Swali la mwisho liliuliza: Umejifunza nini ukiwa nasi? Liliachiwa mistari kumi na miwili. Aliandika tarakimu kumi, akasaini, akairudisha.

Bwana Abdulrazaq aliigeuza fomu huku na huku. "Hii nini?"

"Namba ya Bi Hajira, mkuu," Sabra akasema, akichukua mkoba wake. "Mpigieni kabla hamjamfuta mtu."